Stika ya vinili kubanduka kwenye kava la simu: je, kosa ni la mashine?

Mkazi wa Kihesa (Iringa) anauliza:

Kamwene ndugu zangu, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Nina mashine ndogo ya nyumbani ya kukatia stika, aina ya Silhouette Portrait, ile ambayo upana wake wa kukata ni inchi 8, na tangu mwezi wa tatu nimekuwa nikipamba makava ya simu kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini. Wengi wao wanapenda mchoro unaowakumbusha Iringa, kwa hiyo nimechora mwenyewe nakshi inayofuata msuko wa vikapu vyetu vya milulu, na chini yake naweka msemo mfupi kwa herufi za mwandiko wa mkono. Msemo unaoagizwa kuliko yote ni "Mgeni njoo mwenyeji apone", sijui kwa nini, labda kwa sababu wengi wao ni wageni hapa.

Siku ya kwanza kava hupendeza hadi mimi mwenyewe huona fahari. Tatizo huanza baada ya siku nane au tisa, pembe za nakshi zinapoanza kuinuka, vumbi na nyuzi za mfukoni zikaingia chini yake na kuacha ukingo mweusi unaoonekana kama uchafu wa kucha. Kisha nukta za herufi huanza kupotea. Msemo ule una nukta nne, mbili za "i" na mbili za "j", na juzi binti mmoja alinirudishia kava lake likiwa limebakiwa na nukta moja tu, akaniambia kwa upole kwamba hadai fedha yake ila anataka nukta zake tatu. Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri.

Naomba nieleze ninavyofanya ili anayejua aone nilipokosea. Makava nayanunua kwa jumla, ni yale laini yanayopindika na yanayopitisha mwanga, ambayo muuzaji huyaita "silikoni". Vinili, yaani ile plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni ninayokatia stika, ni bunda nililoletewa na ndugu yangu kutoka Dar es Salaam, rangi nyeupe na nyekundu, isiyong'aa. Kabla ya kubandika napangusa kava kwa spiriti ninayoinunua duka la dawa, nasubiri ikauke, kisha nahamisha stika kwa tepu na kuisugua kwa kadi ya benki ya zamani. Kazi hii naifanya alfajiri kabla ya kwenda ofisini, kwa kuwa ndio muda ambao watoto wamelala na hakuna anayenigusa mkono, na kava huwa nalikabidhi siku hiyo hiyo mchana.

Nimekwisha kubadilisha kisu mara mbili, nimepunguza kasi, nimeongeza nguvu ya kukata na nimefua ule mkeka wa kukatia, na hali ni ile ile. Sasa nashawishika kuiuza mashine na kutafuta kubwa zaidi. Je, nitakuwa natibu ugonjwa ambao sio?

Fundi wa Mwanjelwa (Mbeya) anajibu:

Dada yangu wa Kihesa, usiiuze mashine. Nimekata stika kwa plota kubwa kwa miaka kadhaa hapa sokoni, za bajaji, za vioo vya maduka na za mabomba ya maji, na jambo la kwanza ambalo fundi hujifunza ni kwamba kosa la kisu huonekana mezani, halisubiri kufika mfukoni mwa mteja. Kisu kikiwa butu, vinili huchanika unapochambua, yaani unapoondoa vile vipande visivyotakiwa ili herufi zibaki peke yake. Kisu kikitoka zaidi ya kinavyotakiwa, hukata vinili pamoja na karatasi ya mgongoni, na ukiinua kipande, karatasi nayo inainuka. Wewe hujalalamikia hata kimoja kati ya hayo. Umesema siku ya kwanza kazi inapendeza, na kwa hiyo mashine imekwisha kutimiza wajibu wake. Kinachokusumbua ni gundi na kile ambacho gundi imeambiwa ikishike.

Tuanze na kava. Chukua kipande cha ile karatasi ya mgongoni ambayo vinili huja imebandikwa juu yake, upitishe kidole. Unausikia ule utelezi? Karatasi hiyo imepakwa silikoni kwa makusudi, ili gundi isiishike na stika ibanduke kirahisi utakapoihitaji. Sasa mtu anayebandika stika kwenye kava la silikoni halisi anairudisha stika kwenye kitu kile kile ambacho kiwandani walikichagua kwa sababu hakishikwi na gundi. Hapo hata ukitumia vinili ya bei ya juu kuliko zote, unajichosha.

Hata hivyo, nadhani makava yako si silikoni. Wauzaji wetu huita silikoni kila kava linalopindika, lakini silikoni halisi kwa kawaida haipitishi mwanga vizuri, ukiigusa huhisi kama mpira wa kifutio, na ikikaa mfukoni hutoka imevaa vumbi. Kava laini linaloonekana kama kioo na ambalo baada ya miezi hugeuka manjano ni TPU, yaani plastiki laini ya poliurethani. TPU hupokea gundi kuliko silikoni, ila ina matatizo mawili. La kwanza ni kwamba inaweza kutoka kiwandani ikiwa bado na utelezi wa dawa iliyopakwa kwenye kalibu ili kava litoke bila kung'ang'ania. La pili ni kwamba hupinda kila mwenye simu anapoitoa na kuirudisha, na vinili haipindi kwa kiasi kile kile, kwa hiyo ukingo wa stika unavutwa kidogo kidogo kila siku hadi unaachia.

Ukitaka kujua kava lolote kabla hujaliharibia vinili, bandika kipande cha selotepu, kisugue kwa ukucha, kiache kwa dakika kumi kisha kivute polepole. Kikivutika kwa shida huku kikitoa sauti, kava linafaa. Kikitoka chenyewe kama kilivyoingia, mrudishie muuzaji.

Ninayotumia mimi kwa sasa ni makava yenye mgongo mgumu wa polikaboneti na kingo laini. Yanagharimu zaidi, sikatai, lakini mgongo haupindi. Unabandika kwenye ule ugumu tu, ukiacha milimita 3 kabla ya kufika pale mgongo unapoanza kuinama kuelekea ukingoni, na nafasi kama hiyo kuzunguka tundu la kamera. Stika inayopanda juu ya mkunjo itainuka, hata ibandikwe na nani.

Sasa vinili yenyewe. Tazama mgongoni mwa karatasi au ndani ya lile bomba ambalo bunda limezungushiwa kama kuna namba. Kama ni 631 ya chapa ya Oracal, basi umepata jibu la nusu ya swali lako, kwa sababu hiyo ilitengenezwa ibanduke: ni ya kuta za ndani na maonyesho ya muda, haing'ai, na unene wake ni milimita 0.080. Inayofaa kwa kitu kinachoshikwa kutwa nzima ni 651, yenye gundi ya kudumu na unene wa milimita 0.063. Kutong'aa peke yake si ushahidi, maana 651 nayo ina nyeupe na nyeusi zisizong'aa, lakini nyekundu yako isiyong'aa inanitia mashaka makubwa.

Haya siyasemi kwa ujuzi wa kuzaliwa nao. Nilipoanza, kamati moja ya harusi iliniagiza makava 40 yenye majina ya maharusi, nikanunua silikoni halisi ya rangi ya zambarau kwa sababu ililingana na sare. Stika zilianza kudondoka ukumbini kabla keki haijakatwa. Nilirudisha fedha yote.

Mama wa Makambako anajibu:

Marahaba mwanangu.

Fundi amesema vizuri kuhusu kava na vinili, nami sitarudia. Lakini nimesoma maelezo yako mara mbili, na kuna maneno matatu yaliyonishtua: alfajiri, spiriti, na siku hiyo hiyo mchana.

Unaishi Iringa, mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, na huu ni mwezi wa saba. Sisi huku Makambako na wenzetu wa Njombe na Mafinga tunajua alfajiri ya mwezi huu inavyokuwa, kwamba hata mafuta ya alizeti hugoma kutoka kwenye chupa kwa wepesi wake wa kawaida. Gundi ya stika nayo ni hivyo hivyo. Si gundi inayokauka kama ya mbao. Ni kitu kinene kinachotakiwa kutambaa taratibu na kujaza vijishimo vya plastiki ambavyo jicho halivioni, na baridi huizuia kutambaa. Kwa hiyo 651 aliyoitaja fundi, watengenezaji wake wanaelekeza ibandikwe kwenye joto lisilopungua nyuzi 8, na mimi nakuambia hicho ni kiwango cha chini cha kujinusuru tu, si cha kufanyia biashara. Kava lililolala mezani usiku kucha katika nyumba isiyo na joto linaweza kuwa baridi kuliko unavyofikiri. Liguse na shavu, usiliguse na kidole.

Mimi kazi hii naifanya saa nane mchana, makava yakiwa yamekaa dirishani upande wa jua kwa nusu saa. Siku za mawingu natumia draya ya nywele, nikiipitisha kwa mbali hadi kava liwe na uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichosahaulika, basi. Tafadhali usilipeleke kwenye jiko la mkaa. Nimemwona jirani yangu akifanya hivyo, na kava lilirudi likiwa na umbo la kijiko.

Kuhusu spiriti, soma lebo. Baadhi ya spiriti za dawa zinazouzwa kwa ajili ya ngozi huchanganywa na mafuta ya nyonyo ili zisiikaushe ngozi ya mgonjwa. Kwa mgongo wa mgonjwa ni jambo jema. Kwa kava lako ni balaa, maana unadhani unaondoa mafuta kumbe unayapaka. Vitakasa mikono navyo vina glisarini kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo usikimbilie huko. Dondoshea tone moja la spiriti yako juu ya kioo safi cha dirisha, liache likauke, kisha ukitazame kioo kwa ubavu dhidi ya mwanga. Ukiona duara lenye ukungu au ukipitisha kidole kikateleza, hiyo spiriti irudishe kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza. Waulize mafundi simu wa hapo mjini wakuuzie alkoholi ya isopropili, ile wanayosafishia mbao za saketi za simu. Hiyo hukauka bila kuacha kitu. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha usiithubutu kabisa kwenye kava gumu, kwani asetoni huifanya polikaboneti ipate ukungu na nyufa.

Na mikono je? Msimu huu wote tunapaka mafuta ya mgando, hasa sisi ambao vidole hupasuka kwa baridi. Ukipangusa kava kwa uangalifu wote kisha ukaligeuza kwa kidole kilichopakwa mafuta asubuhi, umeacha alama mahali pale pale ambapo pembe ya stika itakaa. Nawa kwa sabuni ya kipande, ukaushe kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kisha shika kava kwa kingo zake.

La mwisho ni subira. Mteja akabidhiwe kava siku ya tatu. Hayo masaa 48 hadi 72 gundi inayahitaji ili imalize kutambaa, na ukimpa mteja mchana ule ule, ataingiza simu kwenye suruali ya jinzi inayobana, na kazi yako itasuguliwa ikiwa bado haijashika. Wateja wangu hunung'unika, lakini nawaambia kava halijaiva, na neno hilo wanalielewa.

Kijana wa Uyole (Mbeya) anajibu:

Shikamoo mama, na salamu kwa fundi na dada.

Naomba nitoe wazo tofauti. Kwa nini tupigane na mikono ya watu, jasho, mafuta na mifuko, wakati kava linapitisha mwanga? Mimi nabandika stika ndani ya kava, upande unaogusa simu, na hakuna kidole kinachoifikia. Pambo linaonekana kupitia plastiki kama picha iliyo nyuma ya kioo, na halichubuki.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kugeuza mchoro kwenye programu kabla ya kukata, ili maneno yasomeke kwa kinyume mezani na kwa usahihi kwenye kava. Nililijifunza hili kwa hasara ya makava sita yenye jina la timu ya mpira ya mtaa, ambayo yalisomeka vizuri sana kwa mtu aliyekuwa ndani ya simu. Jambo la pili ni rangi. Ukibandika ndani, jicho linatazama upande wa gundi, si uso wa vinili. Vinili za kawaida zenye rangi moja mara nyingi huonekana karibu sawa pande zote mbili, lakini zile za dhahabu, za fedha na zile zenye chengachenga zinazometa huwa na mgongo mweupe au wa kijivu, kwa hiyo dhahabu yako inageuka simenti. Pitisha jicho mgongoni mwa kipande kidogo kabla ya kukata.

Kumbuka pia kumuuliza mteja simu yake ina rangi gani, kwa sababu nakshi nyeupe ndani ya kava linalopitisha mwanga, juu ya simu nyeupe, ni kazi ya bure.

Fundi wa Mwanjelwa anajibu:

Mdogo wangu wa Uyole, wazo lako lina akili, lakini silikubali lote. Chukua kava laini linalopitisha mwanga, ulielekeze kwenye jua na utazame ndani yake: mengi yana vidoti vidogo sana vilivyotandazwa upande wa ndani, vimewekwa ili kava lisigande kwenye kioo cha mgongo wa simu na kuonekana kama lina maji. Stika ikikaa juu ya vidoti hivyo inashika vilele tu, kama godoro juu ya kokoto, na hewa inabaki katikati. Utaona mabaka ya kijivu ambayo hayatoki hata usugue hadi kesho. Njia yako inafaa kwa kava ambalo ndani ni laini kabisa, na si kila muuzaji anayo.

Tena simu hupata joto ikichajiwa, na joto hulainisha gundi. Stika iliyo ndani inabanwa kati ya simu na kava, kwa hiyo haiendi mbali, hilo nakubali, ila nimewahi kuona herufi nyembamba zimesogea na kuacha ute wa gundi ukingoni. Kwa nakshi pana ya kikapu, sawa. Kwa mwandiko, sijashawishika.

Mkazi wa Kihesa anaandika tena, baada ya wiki tatu:

Nawashukuruni nyote, nimeona si adabu kujibu kabla sijajaribu.

Bunda langu lilikuwa na namba ndani ya bomba, na kweli ni 631. Ndugu yangu aliambiwa dukani kwamba zote ni vinili na zote ni stika, akachukua iliyokuwa nafuu. Spiriti yangu nayo nimeidondoshea kioo: ilikauka ikaacha duara zuri la mng'ao wa mafuta, nikaandika jina langu ndani yake kwa kijiti. Miezi minne nimekuwa nikipaka makava mafuta ya nyonyo kwa juhudi kubwa.

Nilinunua makava matatu yenye mgongo mgumu, nikaongeza moja la zamani laini, na mita moja ya 651 nyeupe. Jumamosi saa tisa alasiri, jua likiwa bado linapiga meza ya sebuleni, niliyapangusa yote manne kwa alkoholi niliyouziwa na fundi simu wa Miyomboni, nikabandika nakshi na msemo ule ule, nikayaacha hadi Jumanne. Mawili magumu nilibandika nje. La tatu nilibandika ndani kwa njia ya kijana wa Uyole, na safari hii nilikumbuka kugeuza. Kisha nikawapa watu wa nyumbani wayatumie bila huruma.

Nakshi iliyo nje ya makava magumu haijainuka pembe hata moja. Iliyo ndani nayo ipo salama na kwa kweli inapendeza kuliko zote, ila kuna baka moja la hewa katikati ya msuko, na mwanangu anasema linafanana na chunjua. Kava laini limeanza kuinuka pembeni karibu na kitufe cha kuwashia, pale ambapo kidole hulikunja kila mara, ingawa limekaa muda mrefu kuliko lilivyokuwa likikaa zamani.

Lakini herufi bado zinanisumbua. Katika kava moja la nje, nukta ya "j" ya pili imeondoka, na mkia wa "p" umeinua ncha. Ni gundi nzuri, kava gumu, mikono safi na subira ya siku tatu. Kitu gani kimebaki?

Fundi wa Mwanjelwa anajibu:

Kimebaki kipimo, dada. Gundi hushika kwa eneo, na nukta yenye upana wa milimita 1 ina eneo dogo kiasi kwamba ukucha mmoja unatosha kuiondoa. Kwenye kava la simu mimi sikati mstari wowote mwembamba kuliko milimita 1.5, na nukta naanzia milimita 2.5 kwenda juu. Chagua mwandiko mnene zaidi, au uongeze unene wa ule ulionao kwa ile amri ya kuzungushia mstari wa nje kwenye programu, nusu milimita kila upande. Na kwa kuwa mwandiko wa mkono una herufi zinazoshikana, hakikisha umeziunganisha ziwe umbo moja kabla ya kukata. Usipofanya hivyo, mashine itakata kila herufi peke yake pale zinapopandana, na utapata ncha nyingi katikati ya neno ambazo hukuzihitaji.

Ncha kali ndiyo mlango. Mkia wa "p" wako ukiishia kama mwiba, utainuka. Ukiishia kwa duara dogo, hautapata pa kuanzia. Zungusha pia pembe za nakshi, hata kwa milimita 1 tu. Msuko wa kikapu hautapoteza sura yake, kwani hata milulu yenyewe haina kona za wembe.

Kisha itazame tepu yako ya kuhamishia. Kama ina gundi kali, inainua ncha za herufi wakati unaibandua, na hutaona kwa macho, utaona baada ya wiki. Ibandike kwanza mara moja kwenye suruali ya jinzi au kwenye khanga ili ipungue ukali, ndipo uitumie. Ukifika kwenye kuiondoa, usiivute kuelekea juu. Ikunje irudi nyuma hadi mgongo wake ugusane na mgongo wake, uivute ikiwa imelala juu ya kava. Ukimaliza, weka karatasi juu ya herufi na upite tena kwa kadi, ukikazia mikia na nukta.

Dawa rahisi kuliko zote ni kuandika kwa herufi kubwa. MGENI NJOO MWENYEJI APONE haina nukta hata moja.

Kijana wa Uyole anauliza:

Vipi kuhusu kumwagia juu yake ile gundi ya maji ya sehemu mbili, epoksi, ili kila kitu kifungiwe chini ya kioo? Nimeona watu wanafanya.

Mama wa Makambako anajibu:

Wanafanya, mwanangu, nami nilifanya. Kwenye kava laini ni kupoteza muda, kwa sababu epoksi ikishakauka ni ngumu, na kava likipindwa inapasuka au inaachia vipande. Kwenye kava gumu inakaa, ila inataka glavu, dirisha wazi, vipimo sahihi vya sehemu zote mbili, na joto. Kwa baridi yetu hii huchelewa kuganda na inaweza kubaki inanata. Langu lilinata wiki nzima, paka akaacha manyoya yake juu ya jina la mteja. Subiri hadi mwezi wa kumi, au uache kabisa.

Mkazi wa Kihesa anaandika:

Ndaga fijo kwa ndugu zangu wa Mbeya, na kwako mama ahsante sana.

Nimeongeza unene wa mwandiko kama fundi alivyoelekeza, nimezungusha mikia, na tepu naibandika kwenye khanga yangu kuukuu kabla ya kuigusa stika. Makava laini yaliyobaki nimeyauza yakiwa hayana pambo. Bunda la 631 nimeanza kulitumia kukatia maua ya ukutani kwa chumba cha watoto, na huko limekaa vizuri.

Yule binti wa nukta tatu nilimpelekea sampuli ya herufi kubwa, akaikataa. Anasema inafanana na tangazo la mnada. Nikamkatia herufi ndogo zenye nukta za milimita 3, kubwa kidogo kuliko ningependa, juu ya kava gumu la rangi nyeusi. Jana nimepita naye njiani, akanigeuzia simu yake bila kuulizwa. Kava lina siku kumi na mbili, na nukta zote nne zipo.